Nyumbani Hutengenezwa Ugenini

Mwaka 2007 wakazi wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, makazi matatu makubwa ya wakimbizi magharibi mwa Tanzania, waliulizwa swali moja: mnarudi Burundi, au mnaomba uraia wa Tanzania? Walioandikishwa walikuwa takriban 218,000. Wazee wao walikimbia mauaji ya mwaka 1972. Vijana wengi walizaliwa humo humo na Burundi hawakuwahi kuikanyaga. Kwa miaka 35 makazi hayo yalijulikana kwa jambo moja kuliko yote, nalo ni kungoja. Watu walilima, walizaa na walizika, huku wakisema kwao ni ng'ambo ya mto Malagarasi. Aliyewasikiliza katika miaka ya themanini angeapa kwamba siku mlango utakapofunguliwa wataondoka wote. Mlango ulipofunguliwa, takriban wanne kati ya kila watano walisema wanabaki.

Jibu hilo limenishughulisha kwa miaka mingi, maana linapingana na karibu kila tunachosema kuhusu mtu na kwao. Tumezoea kudhani kwamba mhamiaji huondoka na picha ya nyumbani kama anavyoondoka na begi lake, kisha picha hiyo humvuta arudi. Mimi naamini mambo huenda kwa njia nyingine. Nyumbani anakokuwaza mhamiaji hutengenezwa huko huko ugenini, kwa malighafi ya ugenini: kibali kinachoisha baada ya mwaka, mwajiri anayeshika pasipoti, jirani asiyechoka kumuuliza katoka wapi, shamba asiloweza kuliandikisha kwa jina lake. Picha hiyo ikishakamilika humshauri katika mambo yote makubwa: aoe wapi, ajenge wapi, mtoto asome lugha gani, akiba iwekwe wapi, maiti ipelekwe wapi. Na kadiri milango ya pale alipo inavyofungwa, ndivyo ushauri huo unavyogeuka kuwa amri.

Ushahidi bora ninaoujua uko hapa hapa kwetu. Aprili 29, 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, sehemu za Rumonge na Nyanza-Lac. Serikali ya Michel Micombero iliujibu kwa kuwasaka Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, makarani, mapadri, hata wanafunzi wa sekondari. Makadirio ya waliouawa huanzia 100,000 na kufika 300,000. Makumi ya maelfu walivuka kuja Tanzania. Wengi walipelekwa katika makazi yaliyofyekwa porini: Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba upande wa Mpanda, na mwishoni mwa miaka ya sabini Mishamo, ambako kila kaya ilipewa hekta tano za msitu iufanye shamba. Lakini wapo ambao hawakupita huko. Hao walishukia Kigoma mjini, wakajichanganya na Waha ambao lugha yao inakaribiana sana na Kirundi, wakatafuta riziki sokoni na ziwani kama watu wengine wa mji.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Liisa Malkki, mzaliwa wa Finland, alikuja kukaa na makundi yote mawili kwa takriban mwaka mzima. Kitabu chake, Purity and Exile, kilitoka mwaka 1995, na sijui kitabu kingine kinachofundisha zaidi juu ya jambo hili. Watu aliowakuta walikuwa wamekimbia balaa moja, mwaka mmoja. Mishamo alikuta historia inayosimuliwa karibu kwa maneno yale yale kila nyumba: sisi ndio wenye nchi, tulinyang'anywa, uhamisho ni mtihani, taabu ya porini inatutakasa, na siku moja tutarudi tukiwa taifa lililosafishwa. Ukimbizi kwao ulikuwa hadhi ya kulindwa. Kutajirika kwa biashara, kuoa nje ya kundi, kuchukua uraia wa wenyeji, yote hayo yalihesabiwa kuwa ni kupotea njia. Kigoma mjini alikuta watu waliokwepa kuitwa wakimbizi. Akiulizwa kwao, mtu alijibu kadiri hali ilivyomruhusu: leo ni mtu wa Kigoma, kesho ni Mwislamu tu, kesho kutwa ni Muha. Burundi haikuwa imesahauliwa, ila ilikuwa nchi miongoni mwa nchi, mahali pa kwenda kusalimia ikiwezekana.

Damu moja, msiba mmoja, na nyumbani kuwili tofauti kabisa. Basi kilichotenganisha makundi haya hakikutoka Burundi, kilitoka Tanzania. Makazini mtu hakuruhusiwa kutoka bila kibali. Kibali cha namna hiyo ni karatasi ndogo: jina, aendako, sababu ya safari, siku atakazokaa, mhuri. Hebu fikiri mtu wa miaka 45, mwenye wajukuu, anasimama mbele ya karani kijana kumweleza kwa nini anataka kwenda Mpanda mjini. Kila akichukua karatasi hiyo anafundishwa upya kwamba hapa si kwake, hata kama mihogo iliyomlisha mwaka huo aliipanda kwa mikono yake. Zaidi ya hapo, kila jirani alikuwa mkimbizi mwenzake, na ardhi na huduma alizipata kwa sababu ya jina hilo la ukimbizi, kwa hiyo jina likawa mali. Jioni, hadithi ya kilima cha babu ilisimuliwa kwa watu ambao wote wanaijua na wote wanaitaka, na hapakuwa na mtu wa kuhoji. Kigoma sokoni wahoji walijaa. Mwenye deni alitaka alipwe hata kama mdaiwa anatoka katika taifa teule, na msichana wa Kiha alipendeza bila kujali hadithi ya nani ndiye mwenye nchi.

Athari zake hazikuishia kwenye mazungumzo ya jioni. Mwaka 1980, ndani ya Mishamo, Rémi Gahutu alianzisha chama cha Palipehutu, ambacho baadaye kilipeleka vijana vitani. Baadhi ya vijana wa namna hiyo waliichagua vita kwa ajili ya nchi waliyoijua kwa masimulizi tu. Wanyarwanda wanalielewa jambo hili kwa uchungu wao. Wengi wa wapiganaji waliovuka kutoka Uganda kuingia Rwanda Oktoba 1, 1990 walikuwa watoto wa waliokimbia kuanzia mwaka 1959, waliolelewa katika makambi na vijiji vya Uganda na kukumbushwa kila mara kwamba wao ni wageni. Uganda iliwatengenezea Rwanda yao kwa kuwakatalia Uganda.

Sasa turudi kwenye lile swali la 2007. Kwa nini watu wa Mishamo na wenzao, waliolelewa kwa hadithi ya kurudi, walisema wanabaki? Wengine watajibu kwamba hadithi ilikuwa ya uongo tangu mwanzo, au kwamba wazee walikufa nayo. Sikubaliani na lolote kati ya haya. Hadithi ilikuwa ya kweli kadiri hali ilivyokuwa ya kweli. Ila mwaka 2007 hali ilibadilika: Mkataba wa amani wa Arusha wa mwaka 2000 na uchaguzi wa 2005 vilikuwa vimeifanya Burundi ifikike, watu walikuwa wamevuka kwenda kuchungulia na kurudi na habari, na kwa mara ya kwanza kubaki kulikuwa na jina la kisheria. Nyumbani kwa kufikirika kukawekwa kwenye mizani pamoja na shamba la tumbaku linalojulikana mipaka yake, makaburi ya wazazi, binti aliyeolewa Tabora, mtoto anayesoma kwa Kiswahili. Picha inayotawala ikiwa peke yake haitawali ikipata mshindani. Na wapo waliopima wakaona mizani inaangukia Burundi: zaidi ya 50,000 walirudi, na hakuna sababu ya kuwaona wamekosea.

Tuwafuate basi waliorudi, maana hapa ndipo kosa kubwa la fikra linapoonekana. Picha ya nyumbani ina shamba, ina michikichi, ina njia ya kuteremkia ziwani. Haina mtu mwingine ndani yake. Kule Rumonge na Nyanza-Lac lile itongo, yaani shamba la ukoo, lilikuwa na mtu mwingine, tena mara nyingi mtu aliyegawiwa na serikali au aliyenunua kwa fedha yake na kulea watoto hapo kwa miaka zaidi ya 30. Sheria ya ardhi ya Burundi ya mwaka 1986 ilimtambua mtu aliyeishi kwenye ardhi kwa miaka 30 bila kupingwa. Kwa maneno mengine, saa ya sheria ilikuwa ikihesabu wakati wakimbizi wanangoja Mishamo. Watu wakagawanyika majina: abasangwa, waliokutwa, na abahungutse, waliorejea. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilijaribu kugawa viwanja katikati. Pengine ilipata suluhu, pengine iliacha majirani wawili wasioamkiana. Wasiojua hata kilima walichotoka walijengewa vijiji vipya vilivyoitwa vijiji vya amani. Na watoto waliokuwa wakifanya vizuri darasani Katumba walijikuta mbele ya Kifaransa, wakarudishwa madarasa ya chini. Mtu aliyekuwa Mrundi kwa miaka 35 Tanzania akafika Burundi akaitwa Mtanzania.

Waliojadili amani ya Rwanda mjini Arusha mwaka 1993 waliliona hili mapema. Waliandika katika itifaki ya kurejea kwa wakimbizi kwamba aliyeondoka zaidi ya miaka 10 iliyopita asidai mali ambayo sasa imekaliwa na mwingine, bali serikali imtafutie pengine. Ni kifungu kigumu, na utekelezaji wake ulizongwa na mauaji ya mwaka uliofuata, lakini naheshimu ukweli wake. Kilimwambia anayerudi kabla hajafunga mzigo kwamba mahali anapopawaza hapapo tena.

Pagale na pasipoti

Msomaji aliye Houston au Leicester atasema hayo ni ya wakimbizi, yeye aliondoka kwa tiketi na viza. Kisheria ni kweli kabisa. Lakini utaratibu unaotengeneza picha ni ule ule, na mimi nauona kila asubuhi. Mtaa ninaokaa, pembezoni mwa Dar es Salaam, una pagale la ghorofa moja ambalo mwenyewe yuko Marekani. Msingi ulimwagwa, ukuta ukapanda, lenta ikafungwa, kisha kazi ikasimama. Nondo zimechomoza juu zikiwa na kutu nyekundu, na mvua ya masika huacha michirizi yake ukutani kama chozi la chuma. Chumba kikubwa cha kulala, chenye nafasi ya choo na bafu lake, kimejaa majani ya mbaazi aliyopanda mlinzi dirishani. Mlinzi huyo ana kibanda cha mabati uani, mke na watoto wawili. Kwa hesabu yangu familia yake imeishi kwenye kiwanja hicho miaka mingi kuliko mwenye kiwanja atakavyowahi kuishi. Mwaka mmoja, mwezi Desemba, mama mwenye nyumba alikuja na binti yake wa miaka 15. Nilikuwepo alipomshika mkono wakapanda ngazi zisizo na ukingo, akamwonyesha: hiki chumba chako. Binti alisimama mlangoni akauliza kwa upole mama atakaa lini humu. Mama hakujibu, aliendelea kueleza vigae vya bafuni vitakuwa rangi gani.

Mama huyo hubeba boksi usiku na kutunza wazee mchana. Anapanga chumba kwenye nyumba ya watu. Nilipomuuliza kwa nini hanunui hata kijumba huko huko, alisema, "Kule napita tu." Amepita kwa miaka 19.

Ni rahisi kumcheka au kumhurumia, na yote mawili ni makosa. Watu husema wahamiaji wa namna hii wametekwa na ndoto. Mimi nasema wanafanya hesabu yenye akili kwa taarifa walizo nazo. Mtu asiye na uhakika wa karatasi zake hawezi kutegemea pensheni ya nchi ile, hawezi kujua kama atakuwepo mwaka kesho, na anajua kwamba uzee katika chumba cha kupanga ni uzee mbaya. Nyumba nyumbani ni bima, tena bima pekee ambayo hakuna afisa wa uhamiaji wa Marekani anayeweza kuifuta. Ndiyo maana fedha zinakwenda huko. Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, fedha inayozidi kwa mbali mauzo ya chai ya nchi hiyo. Fedha hizo zimesomesha watu na zimeokoa watu hospitalini. Simo miongoni mwa wanaozibeza. Ninachosikitikia ni upande wa pili wa daftari, ambao hauandikwi: kozi ya uuguzi ambayo mama hakuisoma kwa sababu anapita tu, bima ya afya iliyoahirishwa, mtoto ambaye hakuulizwa anataka kuwa wapi.

Sheria nazo zilisukuma. Kwa muda mrefu Mtanzania aliyechukua uraia wa nchi nyingine alipoteza wa kwake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Matokeo yake nimeyaona kwa macho. Wapo waliokaa miaka mingi ughaibuni bila kuomba uraia waliostahili, na kwa hiyo bila kura, bila ajira za serikali na bila usalama, ili tu wasipoteze kiwanja Bunju. Wapo waliochukua uraia wakaandikisha kiwanja kwa jina la kaka, na siku kaka alipofariki mjane akawa na hati na mwenye fedha akawa na risiti za Western Union. Kenya ilifungua mlango huo kwa katiba ya mwaka 2010, iliyoruhusu uraia pacha. Tanzania nayo ilirekebisha sheria kutoa hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, pamoja na haki ya kumiliki ardhi. Haitoshi, ila ni hatua, na wenye kiwanja kwa jina la kaka wanapaswa kuisoma leo, kaka akiwa hai.

Hapa nakutana kila mara na hoja ya wazalendo: ukimrahisishia mtu uraia wa huko, atasahau kwao. Historia ya Waomani wa Zanzibar inaonyesha vingine. Baada ya mapinduzi ya Januari 12, 1964 Wazanzibari wengi wenye asili ya Oman walitawanyika, kuanzia Dubai hadi Cairo na Uingereza. Julai 23, 1970 huko Oman, Qaboos alimwondoa baba yake, Sultani, madarakani na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi. "Kurudi" kulikuwa neno la ajabu kwa wengi wao. Walizaliwa Mkunazini, Malindi, Chake Chake. Oman waliijua kwa majina ya makabila ya mababu. Nchi waliyoifikia ilikuwa na shule tatu na kilomita chache za lami. Unguja waliitwa Waarabu. Walipofika Muscat wakaitwa Zinjibari, kwa Kiswahili walichozungumza barazani. Ndipo nyumbani kulipogeuka upande. Kisiwa walichokimbia kikawa ndicho kwao, chenye harufu ya karafuu, urojo na taarab ya jioni. Picha imara kabisa, na imetengenezwa Muscat.

Lakini tazama picha hiyo ilivyotumika. Waliopata uraia wa Oman walisoma, wakaajiriwa wizarani, mashuleni na kwenye mabenki, wakajenga maisha pale pale. Zanzibar ikabaki katika chakula, katika lugha ya nyumbani, katika safari za kuzuru na ndoa za hapa na pale. Hawakuisahau hata kidogo. Ninazo familia za marafiki Muscat ambako wajukuu bado hugombezwa kwa Kiswahili cha Unguja mjini. Tofauti ni kwamba haikuwaamulia tena wapi waweke akiba na lini waanze kuishi. Walinganishe na Mkenya au Mganda anayefanya kazi za ndani kwenye nchi hizo hizo za Ghuba leo, chini ya kafala, mfumo unaofunga kibali chake kwa mwajiri mmoja, bila njia yoyote ya uraia hata akikaa miaka 30. Kwake hakuna hapa. Kila dirham ni ya huko. Aliyefungiwa nje ndiye anayebebeshwa nyumbani mzima mzima.

Niseme jambo moja zaidi kuhusu nguvu ya picha hii, kwa sababu tunaizungumzia kana kwamba imo kichwani mwa mhamiaji peke yake. Mara nyingi wanaoishikilia ni wale aliowaacha. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 20, 1986. Alikuwa ameishi mjini, ameoa Mkikuyu, na mkewe Wambui alitaka amzike kwenye shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema huko Ngong kuna nyumba tu, nyumbani ni Nyalgunga, Siaya. Kesi ilichukua miezi mitano, na mahakama ikaukubalia ukoo. Alizikwa Nyalgunga Mei 23, 1987. Nikiwaza kesi hiyo huona kwamba mtu anaweza kuishi maisha yake yote akiwa amelijibu swali la nyumbani kwa vitendo, na bado wengine wakalijibu upya juu ya jeneza lake. Ndiyo maana mama wa pagale hajengi kwa ajili yake peke yake. Anajenga asisemwe. Mjomba anayepiga simu kuuliza kupaua ni lini ni sehemu ya mashine hii, na ndugu msomaji, pengine mjomba huyo ni mimi au wewe.

Tufanyeje basi? Nikianza na serikali, cha kwanza ni karatasi, tena kwa wakati. Wale waliochagua Tanzania mwaka 2007 walikubaliwa takriban 162,000 mwaka 2010, lakini vyeti vyao vilianza kutolewa Oktoba 2014. Katikati waliambiwa makazi yatafungwa na wao watatawanywa mikoa mingine, mpango ambao baadaye uliachwa. Kwa miaka hiyo walikuwa wameikana Burundi na Tanzania haijawapokea. Wengi walisita kujenga au kupanda mazao ya kudumu, kwa sababu nani apande mwembe asioujua atauacha kwa nani? Ucheleweshaji ule uliwarudisha watu kwenye kungoja baada ya wao wenyewe kuamua kuacha kungoja. Serikali inayotaka mhamiaji aamue vizuri impe majibu mawili ya kweli, kisha iheshimu jibu lake haraka.

Cha pili ni safari ya kuona. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa limekuwa likiwapeleka wawakilishi wa wakimbizi kwenda kutazama hali huko kwao kabla watu hawajaamua, na mimi naamini kila familia iliyo nje kwa hiari yake inapaswa kujipangia safari ya namna hiyo. Siongelei zile wiki tatu za Desemba, zenye harusi, nyama choma na kugawa zawadi. Naongelea miezi mitatu ya kawaida: kupanga foleni ya maji, kumpeleka mzazi kliniki, kutafuta shule, kulipa luku, kusikia ndugu wanavyozungumza fedha zikiisha. Atakayemaliza miezi hiyo na bado anataka kurudi, arudi kwa moyo mweupe na aanze kupaua. Atakayegundua kwamba alichokitaka ni kuonana na mama yake, anunue tiketi mara nyingi zaidi na aache kununua nondo.

Na kwa wenye watoto, nasema kwa msisitizo wa mtu aliyeona nyumba nyingi tupu: mtoto aulizwe kabla ramani haijachorwa. Mfundisheni Kiswahili, mpelekeni akamwone bibi, mwambieni ukweli wa kwa nini mliondoka. Hayo yatadumu kwake. Chumba alichochorewa akiwa na miaka sita hakitamngoja, na yeye hatakingoja. Akiba ya elimu yake na matibabu yenu itangulie mbele ya saruji.

Nimeandika haya nikiwa na kambi ya Nyarugusu mawazoni, huko Kasulu. Ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na baada ya 2015 ikapokea pia Warundi. Mtoto aliyezaliwa humo katika miaka ya mwanzo sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Kongo hajawahi kuiona, Kiswahili anachozungumza ni cha Kigoma, na akitaka kutoka nje ya kambi bado inambidi aombe kibali.